Tunataka kumlipa mwandishi wa sheria apitie mapendekezo yetu ya Sheria ya Ushindani. Tuandikiane naye nini?

Ukungu wa Uyole

Wakuu habari za jioni.

Naandika nikiwa Uyole, ukungu umeshuka mpaka barabarani na mkaa umebaki wa kuchemshia chai tu, kwa hiyo nikikatisha maneno mjue nimekwenda kwa jirani.

Sisi ni umoja wa watu wa mazao, mia na kidogo. Wengi ni wa viazi, Isyonje na Umalila. Kuna wenzetu wa parachichi kutoka Rungwe na wachache wa mpunga wa Igurusi na Ubaruku. Kilio chetu ni wanunuzi wakubwa. Parachichi likishakatwa halirudi mtini. Mnunuzi anakutajia bei asubuhi, mnachuma siku nzima, jioni gari likishajaa anasema saizi imegoma, bei imeshuka. Makubaliano yanasema malipo siku 30, mnalipwa siku ya 90. Ukipiga kelele, msimu unaofuata gari lake linapita kwako bila kupunguza mwendo.

Mwaka jana tulikwenda kuulizia kama hayo ni makosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Tukaelezwa vizuri tu, kwa heshima, kwamba sheria inambana mwenye nguvu ya soko, na wanunuzi wetu wako saba au nane, hakuna mmoja anayefikia kiwango. Tukarudi nyumbani na kiwango chetu.

Ndipo likazaliwa wazo la kupeleka mapendekezo ya kuongeza sehemu mpya kwenye sheria, ya kumbana mnunuzi. Kijana wetu mmoja, amehitimu sheria hapa Mbeya na bado hajaapishwa uwakili, ameandika rasimu ya kurasa 11. Sasa tunataka mtaalamu aipitie kabla hatujaipeleka Wizara ya Viwanda na Biashara na kwa wabunge wetu.

Tumechangishana, tuna sh 4,600,000. Wamejitokeza watatu. Wa kwanza ni wakili wa mjini, anashinda kesi kweli, anataka milioni 2 na atamaliza kwa siku tatu. Wa pili ni mhadhiri. Wa tatu ni mzee mstaafu aliyekuwa akiandika sheria serikalini miaka mingi, sasa analima nyumbani kwao Njombe. Huyu tulimtumia rasimu, akajibu kwa mstari mmoja: "Sitasoma rasimu kabla hamjaniambia mnataka nini." Nusu ya kamati inamwona anajidai.

Naomba ushauri. Tumchukue nani, tumlipe vipi, na kwenye hadidu za rejea tuandike nini zaidi ya "kupitia rasimu"?

Nawasilisha.

Dalali Mstaafu

Milioni nne na laki sita za kumlipa mtu asome karatasi? Mbolea mmeshanunua? Nilikaa Mwanjelwa na SIDO miaka 19, sijaona gunia la viazi limeshushwa na kifungu cha sheria. Bei inashushwa na mvua ya Makambako na matope ya Isyonje.

Mama Parachichi

Dalali usituvunje moyo asubuhi yote hii.

Ukungu, mchukueni mstaafu. Sisi Tukuyu tuliwahi kumpa wakili mzuri sana kazi ya kupitia katiba ya kikundi. Alipitia. Alirekebisha nukta, akaweka "ilhali" na "kwa mantiki hiyo" kila mahali, ikawa nzuri kama mwaliko wa harusi. Mwaka wa pili mwenyekiti akagoma kuachia kiti, tukafungua katiba kutafuta inasemaje akigoma. Haisemi. Wakili alipitia yaliyoandikwa. Ambayo hayakuandikwa hakuna aliyempa kazi ya kuyatafuta.

Ukungu wa Uyole

Ndaga mama. Hiyo ya mwaliko wa harusi nitaisema kikaoni.

Kifungu Kidogo

Mkuu Ukungu, nimewahi kukaa kwenye meza za kuandika sheria, siyo Tanzania tu, kwa hiyo nisome kama mtu wa jikoni.

Mwandishi wa sheria na wakili wa kesi ni mafundi wawili tofauti. Wakili wa kesi kazi yake ni kulichukua neno lililokwisha kuandikwa na kulivutia upande wa mteja wake. Mwandishi kazi yake ni kuliandika neno ambalo huyo wakili, akija miaka kumi baadaye, hatapata pa kulivutia. Wakili akiona pengo anafurahi. Mwandishi akiliona halali.

Na mstaafu wenu hajidai, hivyo ndivyo kazi inavyoanza. Hata serikalini, wizara haimpelekei mwandishi vifungu. Inampelekea maelekezo: tatizo ni hili, linatokea hivi, tunataka nani azuiwe kufanya nini, nani asimamie, akikosa afanyweje. Mwandishi anauliza mpaka wenye tatizo wanachoka. Mkimpa rasimu tayari, mnamlazimisha abuni mlitaka nini kwa kuangalia kijana wenu aliandika nini. Na kijana anaweza kuwa aliandika kitu ambacho hamkukitaka.

Weka hapa vifungu viwili vitatu vya hiyo rasimu tuvione.

Ukungu wa Uyole

Sawa mkuu, nachapa kwa simu, mnisamehe.

Kifungu cha 4: "Mnunuzi mkubwa hataruhusiwa kuchelewesha malipo na kubadilisha bei bila taarifa."

Kifungu cha 7: "Mamlaka itatoa amri ya kulipa ndani ya siku 30 na Waziri mwenye dhamana ya Hazina anaweza kutunga kanuni."

Kifungu cha 9: "Mnunuzi atakayekiuka atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni kumi."

Kifungu cha 12: "Wanachama wa umoja watauza kwa bei isiyopungua bei itakayopangwa na kamati, na mnunuzi atakayekataa bei hiyo atagomewa na wanachama wote."

Mnyalu wa Mafinga

Kamwene wakuu. Mimi wa mbao na miti, si mtaalamu, ila kifungu cha 7 kimenichekesha. Mamlaka gani? Huku kwetu ni Tume ya Ushindani, FCC. Na Hazina imeingiaje?

Kifungu Kidogo

Mnyalu umewahi. Hayo ni ya Kenya. Kule msimamizi anaitwa Mamlaka ya Ushindani na iko chini ya Hazina. Kijana amenakili akasahau kuvua sare.

Simlaumu kwenda kuchota huko, kwa sababu Kenya wana kitu mnachokitaka ninyi hasa. Sheria yao ya 2010 waliiongezea nguvu ya mnunuzi mwaka 2016, wakaikaza tena 2019. Supamaketi ya Carrefour ya Nairobi ilishtakiwa na muuza mtindi mdogo, Orchards, kwa kumkamua punguzo juu ya punguzo na kumtaka alete hata wafanyakazi wake kupanga bidhaa dukani. Mamlaka ikampa haki 2020, baraza lao likaunga mkono 2021. Desemba 2023 ikaja faini ya zaidi ya bilioni 1.1 za Kenya kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, wa mafuta ya kula na wa asali. Kwa hiyo chombo kipo na kinakata.

Lakini kinakata kwa sababu mpini wake ni wa kwao. Kule, ili umshike mnunuzi kwa kumnyanyasa msambazaji, si lazima kwanza uthibitishe ametawala soko. Unaangalia uhusiano wa wale wawili: huyu anaweza kumkimbia yule bila kufa njaa? Sheria yetu ya 2003, kama ilivyotungwa, ilijengwa juu ya mstari mmoja, asilimia 35 ya soko. Ukipachika kifungu cha Kenya kwenye nyumba yetu bila kugusa huo mstari, wakili wa mnunuzi atasimama na kusema: mteja wangu ana asilimia 12, sehemu hii haimhusu. Na atakuwa sahihi. Mtakuwa mmelipa milioni nne mkarudi pale pale mlipotoka mwaka jana.

Sasa kifungu cha 4. Kisomeni polepole. "Kuchelewesha malipo na kubadilisha bei." Akichelewesha malipo peke yake, amekosa? Au mpaka afanye yote mawili? Na hiyo "bila taarifa" inashika bei tu, au na malipo pia? Kama na malipo, basi akikutumia ujumbe wa simu kwamba "nitachelewa miezi mitatu", ametii sheria. "Mkubwa" ni wa kiasi gani? Tani? Mauzo? Magari?

Siku 30 kuanzia lini? Siku mzigo ulipopakiwa, ulipopimwa, au siku alipoamua kukuandikia risiti?

Mama Parachichi

Hapo pa "nitachelewa miezi mitatu" pameniuma. Mimi ujumbe huo ninao kwenye simu mpaka sasa.

Dalali Mstaafu

Haya, nakubali kidogo. Ila mtu aliyesoma alishindwaje kuliona hilo?

Kifungu Kidogo

Kwa sababu yeye anajua alichomaanisha. Aliyeandika hawezi kusoma alichoandika, anasoma alichokuwa akiwaza. Hata wenye miaka ishirini kazini wanampa mwenzao asome.

Na Kiswahili kinataka uangalifu wake. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili, kwa hiyo hizi "na", "au", "pia", "pamoja na" tulizozoea kuzirusha zinabeba mzigo sasa. Ukisema "Tume inaweza kuchunguza", umeipa hiari. "Tume itachunguza", umeipa wajibu. Herufi chache tu, lakini ya kwanza mkulima akipeleka malalamiko anaweza kuambiwa tumeona, asante.

Tembo Mweupe

Kwa wanaodhani namba kwenye sheria ni mapambo: kumbukeni saruji. Septemba 2022 Baraza la Ushindani, lile linalosikiliza rufaa za maamuzi ya Tume, lilibatilisha kibali cha wamiliki wa Twiga kununua Tanga Cement, na hiyo asilimia 35 ndiyo ilikuwa moyo wa ubishi, kwamba wakiungana watavuka. Baadaye maombi mapya yakapita 2023, na 2024 hisa zikaishia kwa Amsons, ambao tayari walikuwa wamenunua asilimia 65 za Holcim kwenye kiwanda chetu cha hapa Songwe. Mabilioni yalisimama kusubiri tafsiri ya namba moja na maneno mawili, "soko husika".

Saruji ya Songwe na ya Tanga ni soko moja? Mtu wa Chunya atakuambia hapana, nauli itamla. Mtu wa makaratasi atakuambia ndiyo. Mwandishi anatakiwa alijue hilo kabla hajagusa kalamu.

Ukungu wa Uyole

Aisee. Kwetu pia ni hivyo. Mnunuzi wa parachichi Rungwe anaweza kuwa na asilimia 5 ya Tanzania, lakini kwenye kata tatu za kule juu ni yeye tu. Akigoma, matunda yanaliwa na nguruwe.

Kifungu Kidogo

Umeona? Sentensi hiyo moja uliyoandika sasa hivi ina thamani kuliko kurasa zote 11. Ipeleke kwa mstaafu hivyo hivyo, na nguruwe wake.

Sasa kifungu cha 12, nilikiacha makusudi. Mkuu, futa. Futa hata kwenye simu.

Ukungu wa Uyole

Kwa nini? Hicho ndicho wanachama wamekipigia makofi kuliko vyote.

Kifungu Kidogo

Kwa sababu wauzaji wanaoshindana wakikubaliana bei, na wakikubaliana kumgomea mnunuzi kwa pamoja, hayo ndiyo yale yale yanayokatazwa na kifungu cha 9 cha sheria ya 2003: kupanga bei, kugomea kwa pamoja, na kupangiana zabuni. Vitu vitatu, ninyi mmebeba viwili kwenye sentensi moja. Na hapo hawaangalii una asilimia ngapi ya soko.

Mnataka kwenda Dodoma kuomba sheria ya ushindani ikazwe, mkononi mmeshika maungamo yenu wenyewe yaliyochapwa vizuri.

Mnyalu wa Mafinga

😂😂 Maungamo yaliyopigiwa makofi.

Mama Parachichi

Subiri kwanza. AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, mbona wanauza kwa bei moja kila siku, tena serikali inawahimiza?

Kifungu Kidogo

Swali zuri mama. Chama cha ushirika kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 kinakusanya mzigo wa wanachama na kuuza kama muuzaji mmoja. Hapo mwenye kutaja bei ni mmoja. Ninyi mmebaki wauzaji mia, kila mtu na gunia lake na mteja wake, mnaokubaliana bei kikaoni. Kwa macho ya sheria ya ushindani hayo ni mambo mawili. Kuna njia ya kuomba msamaha maalumu kwa Tume, kuna njia ya kujisajili ushirika, kuna njia ya kuuza kwa mnada. Ipi inawafaa, huyo mtu mnayemlipa awaambie. Na awaambie siku ya kwanza, si siku ya kukabidhi.

Ukungu wa Uyole

Nimekaa kimya dakika kumi. Mhasibu wetu aliandika bei za kamati kwenye bango akalibandika ukutani pale ofisini.

Dalali Mstaafu

Bandua usiku huu, mvua inyeshe isinyeshe.

Karani Mjini

Nimepita kusoma, niongeze ya utaratibu maana naona wengi mnadhani mkimpa mbunge karatasi imekuwa sheria.

Mapendekezo yenu hayaendi Bungeni kama yalivyo. Wizara ikiyakubali inaandaa waraka wa Baraza la Mawaziri. Ukipita, wanaouandika muswada ni Ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria. Kwa hiyo hata mstaafu wenu akiandika vifungu vya dhahabu, wenzake wa Dodoma wataviandika upya kwa mtindo wao. Muswada ukishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kusomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, kwenu ni ile ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo, na hapo ndipo wadau wanaitwa. Taarifa huwa fupi. Mtu wa Mbeya anaona tangazo leo, keshokutwa anatakiwa awe Dodoma, na bado hajajua basi la kupitia Iringa linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo msinunue rasimu tu. Nunueni maelezo. Kurasa nne zinazosema tatizo ni nini, sheria ya sasa inashindwa wapi, mnapendekeza nini na kwa nini, na vifungu viwe kiambatisho cha kuonyesha kwamba linaandikika. Waraka wa namna hiyo unatumika mara mbili, wizarani sasa na kwenye kamati baadaye.

Jambo la pili. Sheria zetu zimefanyiwa urekebu, Toleo la 2023, lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai mwaka huo. Humu ndani watu wanataja kifungu cha 9, asilimia 35, kila mtu kwa toleo alilosomea. Kazi ya kwanza ya mtu wenu iwe kuwaletea Sura ya 285, yaani Sheria ya Ushindani yenyewe, kama inavyosomeka leo, pamoja na marekebisho yote. Asiyeanza hapo msimlipe.

Kifungu Kidogo

Naunga mkono, hata mimi nimetaja namba za zamani kwa mazoea.

Na aangalie jirani zake. Mazao yana wasimamizi wao: chai ina bodi yake, nafaka zina COPRA, stakabadhi ghalani ina sheria yake ya 2005. Mkisema "mnunuzi atalipa ndani ya siku 30" na bodi fulani ina kanuni ya siku 14, ipi inashinda? Msiposema, mtakuwa mmewaongezea watu siku 16 za kusubiri.

Faini nayo. Milioni kumi mmeona kubwa kwa sababu mnaipima kwa mfuko wenu. Sheria ya 2003 ilipotungwa ilifunga adhabu kwenye mauzo ya mwaka ya mkosaji, kati ya asilimia 5 na 10. Kwa kampuni inayouza bilioni 20 hiyo ni bilioni nzima kwa uchache. Ninyi kwa kujiandikia kifungu chenu mnaweza kuwa mmemfungulia mlango wa kutokea. Milioni kumi kwake ni mafuta ya malori ya wiki.

Mnyalu wa Mafinga

Na lumbesa je? Wekeni na lumbesa humo. Gunia la viazi lina kichwa na kofia juu ya kichwa.

Tembo Mweupe

Lumbesa ni ya Wakala wa Vipimo mkuu, sheria nyingine kabisa. Ukiichomeka kwenye ushindani wataitoa wizarani kabla ya chai ya saa nne, na wakati wanaitoa watakuwa wanaangalia nini kingine cha kutoa.

Ukungu wa Uyole

Basi nimeandika upya hadidu, naomba mzichane.

"Mtaalamu atakaa na kamati na wanachama wasiopungua kumi wa mazao tofauti, awahoji. Ataandika kwa lugha ya kawaida tatizo lililopo na kinachotakiwa, ukurasa usiozidi miwili, na kamati itasaini. Ataleta sheria ya sasa na kuonyesha inaposhindwa. Ataonyesha sheria nyingine zitakazoguswa. Ndipo ataandika vifungu, pamoja na tafsiri ya maneno na masharti ya mpito kwa mikataba iliyokwisha kusainiwa. Kila kifungu kiwe na maelezo pembeni kwa nini kipo. Atasema wazi kama kuna jambo letu lisilofaa kuwa sheria."

Malipo robo akikabidhi zile kurasa mbili, nusu kwenye vifungu, robo ya mwisho baada ya kurekebisha maoni yetu.

Karani Mjini

Safi. Ongeza mistari miwili: haki ya kutumia maandishi ni ya umoja, na aseme kama amewahi au anaendelea kumfanyia kazi mnunuzi yeyote mkubwa wa mazao. Yule wakili wa siku tatu muulizeni hilo kwanza. Na asiwe mtumishi wa umma aliyeko kazini, mtamtia matatani na ninyi mtaingia naye. Kodi ya zuio asilimia 5 msisahau kuikata, elewaneni mapema ili asije akasema mmempunja.

Mama Parachichi

Ile sentensi ya mwisho, "atasema wazi kama kuna jambo lisilofaa kuwa sheria", ndiyo sisi hatukuwa nayo.

Dalali Mstaafu

Mhadhiri mmemwacha hivi hivi?

Ukungu wa Uyole

Mhadhiri amekubali kusoma bure atakapomaliza mwenzake, kama jicho la pili. Tumemwahidi gunia la viazi. La kawaida, siyo lumbesa.

Ukungu wa Uyole

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na mrejesho maana wengine mmenifuata inbox.

Mzee alikuja kwa basi la Njombe, ana shajara moja na penseli. Bango la bei tulishalibandua, ila alama ya gundi ipo ukutani na alianza kwa kuiangalia hiyo. Hakusema kitu.

Tukakaa watu 34. Kila mtu alitaka kueleza alivyodhulumiwa, akawaacha waseme, saa mbili nzima, anaandika. Kisha akasema: "Sehemu hii inamzuia mnunuzi. Mnunuzi ni nani?"

Tukajibu kwa pamoja, makampuni. Akauliza, kampuni ya mtu mmoja je? Tukasema ndiyo. Mtu asiye na kampuni, ananunua kwa fedha zake gunia mia tatu shambani na kuzipeleka Dar? Kimya kidogo, mmoja wa Umalila akasema na huyo yumo, huyo ndiye mbaya kabisa, analipa nusu na nusu anasema mzigo umeoza njiani. Watu wakacheka.

Mzee akasema, naomba wanaonunua mzigo wa wengine wanyooshe mikono.

Wakuu, ilinyooka mikono 15. Mwenyekiti wetu alinyoosha nusu, kama mtu anayekuna kichwa. Yule wa Umalila aligeuka akamtazama mweka hazina, na hapo ndipo nilipojua gunia zilizooza njiani zilikuwa za nani.

Mnyalu wa Mafinga

Mwe!

Dalali Mstaafu

Sasa mnaona kwa nini nilistaafu.

Kifungu Kidogo

Alifanya nini baada ya hapo?

Ukungu wa Uyole

Aliandika neno "mnunuzi" juu ya ukurasa mtupu, akachora mstari chini yake, akampa katibu. Amesema haandiki kitu kingine mpaka tumjazie. Pia aligoma kupokea ile robo ya kwanza, amesema kazi yake bado hajaianza.

Mapendekezo mpaka sasa ni matatu. La kwanza, anayenunua zaidi ya tani kadhaa kwa msimu, ambalo linawaacha madalali wetu nje, na wao wanalipenda sana. La pili, yeyote anayenunua kwa mkulima ili akauze tena, ambalo likipita mwenyekiti ameshasema atafikiria upya uanachama wake. La tatu ni la mama mmoja wa Isyonje, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi: mnunuzi ni yule ambaye akiondoka sina mwingine wa kumuuzia. Mzee hilo alilinukuu kwenye shajara, akauliza jina la kijiji chake.

Tunapiga kura Jumamosi saa nne. Mweka hazina ametuma ujumbe kwamba anaumwa.